Hewa kwa Samaki wa Mama Mkwe

Kila alfajiri samaki wa mama mkwe walipanda juu wakatoa midomo nje ya maji, wakaifumba na kuifumbua, na mama mkwe aliamini kwamba wanamsalimia.

Mama huyo alikuwa mjane. Marehemu mumewe, fundi mwashi, ndiye aliyelichimba bwawa lile nyuma ya nyumba enzi za ujana wake. Alilizungushia mawe, akalimwagia saruji kingoni, na katikati akaliacha na kina cha kifua cha mtu mzima. Alipofariki, bwawa likabaki kama alivyoliacha, ila majani ya mpera na ya mparachichi yaliendelea kuangukia humo, yakazama, yakaoza, yakawa tope jeusi ambalo hakuna aliyethubutu kuligusa. Maji yalikuwa ya kijani, mazito, huoni hata kiganja chako ukikizamisha. Humo waliishi perege, hakuna aliyejua wangapi, pamoja na kambare mmoja mkubwa mwenye sharubu ndefu. Huyo mama alimwita Karani kwa sababu, alisema, ana uso wa mtu anayekwambia urudi kesho.

Aliyeona mambo kwa namna nyingine alikuwa mkwe wake. Majirani walimwita Miwani, kwa vile kazi yake ilikuwa kupima macho na kutengeneza miwani. Yeye na mkewe, mkunga wa wodi ya wazazi, walihamia kwa mama baada ya mama kuteleza bafuni na kuvunjika mkono. Mkono ulipona, wao hawakuondoka, wala hakuna aliyeuliza. Ilikuwa nyumba nzuri ya kuishi, ukiacha jambo moja: kila kitu mle ndani kilikuwa na namna yake ya kufanywa, na namna hiyo ilikuwa ya mama. Kulikuwa na fagio la ndani, fagio la barazani, na fagio ambalo mtu hakupaswa kuligusa kabisa. Miwani alimtengenezea mama miwani ya kuonea mbali, fremu nyepesi isiyobana pua. Mama alimshukuru sana, akaitia kwenye droo, akaendelea kuvaa ya marehemu, ambayo ilikuwa ya kusomea.

"Shikamoo mama," Miwani alisema asubuhi moja, akiwa na kikombe chake cha chai mkononi.

"Marahaba baba. Umewaona wenzio? Wamenisubiri."

Perege walijaa juu ya maji, midomo nje, matamvua ya mashavuni yakienda mbio. Miwani aliinama akawatazama kwa makini.

"Mama, mimi naona kama wanahema kwa shida."

"Ni njaa hiyo." Mama alimega mkate wa jana akautupa kwa ukarimu. Samaki wachache waliudokoa, wengi hawakuugusa. Mkate ulilowa, ukazama kwenda kuungana na majani kule chini. "Na kama hewa ni mbaya, mbona Karani hana shida? Mtazame."

Karani alipanda taratibu, akapiga funda moja la hewa, akageuka, akashuka zake akipunga mkia. Miwani alijua kwamba kambare anaweza kuvuta hewa ya juu kama mtu, na kwamba perege hana kipawa hicho. Lakini alijua pia kwamba mtu hamsomeshi mama mkwe wake kabla ya saa moja asubuhi. Akameza chai pamoja na maneno.

Kuna jambo jingine ambalo hakulisema. Siku nyingi yeye ndiye aliyetangulia kuamka, na mara kwa mara alimkuta perege mmoja anaelea, tumbo juu. Alimwopoa kwa chujio la zamani, akamfukia chini ya mpera kabla mama hajafungua mlango. Alifanya hivyo kwa huruma, mama asianze siku na msiba. Matokeo yake ni kwamba machoni pa mama, bwawa lile halikuwahi kufiwa.

Mkewe alirudi kutoka zamu akiwa hoi, akatumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu.

"Samaki wa mama wanakufa," Miwani alimwambia.

"Mwambie."

"Ni mama yako."

"Na wewe ndiye unayewaona. Mimi nimezalisha usiku kucha, samaki sijawaona."

"Mimi ni mkwe. Nianzie wapi? Nimwambie, mama, mkate wako unawaua?"

"Usianze na mkate," mkewe alisema akiwa amefumba macho. "Mkate ni wa marehemu. Yeye ndiye aliyewazoesha."

Ikawa hivyo kwa majuma kadhaa. Mama akitupa mkate, Miwani akifukia samaki, na kila akijaribu kufungua kinywa anakuta kimejaa heshima.

Msaada ulitokea dukani kwake. Aliingia mama mmoja, afisa uvuvi, kuchukua miwani aliyoagiza, na wakati Miwani akikaza skrubu za masikioni alimweleza habari za bwawa. Yule afisa alimsikiliza bila kumkatiza.

"Alfajiri ndiyo saa mbaya," alisema. "Usiku kucha mwani na uozo wa chini vinakula hewa iliyomo majini, na hakuna kinachoirudisha mpaka jua litoke. Ndiyo maana wanapanda juu. Watafutie pampu ya hewa. Ila sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu wanapoharibu. Umesema bwawa ni la zamani?"

"La zamani sana. Tope linafika magotini, nadhani."

"Basi chini huko kuna maji yasiyo na hewa hata kidogo, na kuna gesi yenye sumu. Yametulia, hayasumbui mtu. Ukitia mpira wa hewa kilindini siku ya kwanza, utayapandisha yote kwa mkupuo mmoja na utawaua samaki kwa dawa uliyowaletea. Anzia kingoni, penye maji mafupi. Washa kwa muda mfupi, zima, kesho yake ongeza kidogo. Uwe na subira ya wiki na wiki. Mashine yenyewe ikae mahali pakavu, juu kuliko maji, ili umeme ukikatika maji yasirudi ndani yake kupitia kwenye mpira. Iwekewe swichi inayojikata umeme ukivuja. Na mtu asitie hata kidole majini wakati waya umechomekwa."

Miwani alirudi nyumbani siku hiyo akitembea kama mtu aliyepewa ushindi wa kesi.

Ruhusa ilibidi ipitie kwa mkewe, maana njia nyingine haikuwepo. Mkewe alimvizia mama akiwa amefurahi, akamwambia mumewe anataka kuwapa samaki hewa.

"Hewa?" mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Huku nje kote si hewa hii?" Kisha akafikiri. "Haya. Mradi asiguse mawe ya marehemu."

Fundi umeme alikuja, akafunga swichi ya usalama barazani. Pampu ilikaa juu ya kigoda ndani ya boksi lenye matundu, mbali na mvua. Kutoka hapo mpira mwembamba ulishuka hadi kwenye ukingo wa bwawa, ukaishia kwenye kijiwe chenye vitobo ambacho Miwani alikilaza juu ya tofali, kwenye maji yasiyofika hata magotini. Alipowasha, mapovu madogo yalipanda yakipasuka taratibu, na baada ya kitambo perege wachache walijisogeza pale. Miwani aliwatazama kwa furaha ambayo hakuwa na mtu wa kumwonyesha, kwani mkewe alikuwa kazini na mama alikuwa amekunja uso.

"Inakoroma," mama alisema.

"Ni sauti ndogo tu mama, utaizoea."

"Marehemu alikuwa anakoroma hivyohivyo. Sikumzoea."

Siku iliyofuata Miwani aliwasha alfajiri, akamwomba mama asiizime mpaka jua lipande vizuri. Jioni akapata habari kwamba mama aliizima mara tu Miwani alipofika getini kwenda kazini, ili asikilize redio. Kesho yake mama aliizima kwa sababu jirani alikuja kupiga soga. Siku nyingine aliikuta imezimwa bila sababu yoyote.

"Nimeipumzisha," mama alieleza. "Kitu chochote kinachofanya kazi hupumzishwa."

"Hii haichoki mama. Imetengenezwa hivyo."

"Hata wewe ungetengenezwa vipi, ungechoka."

Miwani alikwenda chumbani, akaketi kitandani, akajishika kichwa. Dukani aliweza kumfanya mzee aliyekataa kwamba haoni asome herufi ya mwisho kabisa na kukiri. Hapa nyumbani hakufua dafu mbele ya mwanamke mmoja na redio yake. Hata hivyo aliendelea, mapovu leo, mapovu kesho, kila siku akiongeza kidogo pale alipopata nafasi. Na ni kweli kwamba asubuhi zile ambazo mashine iliachwa ifanye kazi, midomo ilikuwa michache juu ya maji. Alianza kupata matumaini.

Jumapili moja akaja shemeji yake.

Huyu kaka wa mkewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, mtu wa kicheko kikubwa na mikono minene, mwenye hadithi za kila barabara. Alikuja mara chache, na alipokuja nyumba ilichangamka. Mama alivaa gauni la kutokea. Viti vilihamishwa. Kitu chochote kilichokuwa kimelegea, iwe bawaba, bomba au kamba ya kuanikia, shemeji alikikaza kwa muda aliokaa, kisha akaondoka kikilegea tena nyuma yake, na sifa zikabaki.

"Shemeji," alisema akisimama juu ya ukingo wa bwawa, mikono kiunoni. "Hii ni nini? Soda?"

Miwani alimweleza. Alieleza yote, maji mafupi, tope, sumu ya chini, mwendo wa polepole. Shemeji aliitikia kwa kichwa, kwa adabu.

"Sawa daktari. Umesomeka."

"Mimi sipendi mlio wake," mama alitia neno. "Na wala haifiki katikati. Samaki wa katikati wao hawahitaji hewa?"

"Mama, hao wa katikati watafika kwenye hewa wenyewe," Miwani alisema.

"Yaani watembee," mama alimwambia mwanawe, na wawili hao wakacheka.

Miwani aliangua kicheko cha kuazima. Mkewe alikuwa amelala fofofo baada ya zamu. Yeye alikuwa amemwahidi mteja mmoja kumkabidhi miwani yake mchana huo, kwa sababu mteja alikuwa anasafiri, hivyo akaaga, akaenda dukani kwa haraka. Njiani alikuwa na wasiwasi asioujua sababu yake, kama mtu aliyeacha jiko limewashwa.

Aliporudi, harufu ilimpokea getini. Ilikuwa harufu ya mayai viza, nzito, ya kukaba koo. Alikimbia akizunguka nyumba.

Shemeji alikuwa ndani ya bwawa, maji kiunoni, suruali imekunjwa bure maana imeshalowa yote. Alikuwa amelihamisha lile jiwe la hewa mpaka katikati kabisa, tena alikuwa ameongeza pampu yake ya kujazia matairi, ikinguruma juu ya mawe ya ukingoni. Haikuchomekwa kwenye swichi ya usalama. Waya wake wa kuongezea ulitoka dirishani sebuleni, ukapita juu ya majani mabichi, na pale ulipounganishwa palikuwa pameegemezwa kwenye jiwe lililolowa. Maji yalikuwa yanachemka. Hayakuwa ya kijani tena, yalikuwa meusi, na povu la kahawia lilisukumwa hadi kingoni. Mama alikuwa amesimama pembeni ameziba pua kwa upindo wa gauni.

"Shemeji, toka majini," Miwani alisema.

"Subiri kidogo, ndiyo kwanza inachanganya."

"Toka majini."

"Hebu kwanza shemeji, unaona nguvu hii? Uchafu wote unatoka."

Miwani aliutazama ule waya, akautazama ule unyevu, akashindwa kuamua aanze na kipi. Aogope kuugusa, au aogope kutokuugusa. Ndipo mkewe alipotokea mlangoni na gauni la kulalia, macho mekundu, ameamshwa na harufu. Hakuuliza swali. Aligeuka akarudi ndani, wakasikia swichi kuu ya nyumba ikishushwa. Mngurumo ulikatika. Redio ya mama nayo ikanyamaza katikati ya neno.

Akatoka tena.

"Kaka. Toka humo."

Alilisema kwa sauti ileile ambayo bila shaka aliitumia wodini, sauti isiyoacha nafasi ya mjadala, na lile pande la mtu likapanda ukingoni polepole likichuruzika matope, kama mtoto aliyeitwa kuoga.

Muda huohuo perege walianza kupanda. Hawakupanda kama asubuhi, wakiwa wamenyooka. Walipanda wakiyumba, wengine ubavu, wengine kichwa chini, wakizunguka bila kujua waendako.

"Maji ya mvua," Miwani alisema, na safari hii sauti yake ilitoka. "Ya tangi. Ya bomba yana dawa, msiyatumie. Leteni pipa, beseni, chochote."

Wakaanza kazi. Shemeji alibeba ndoo mbilimbili kutoka kwenye tangi, akikimbia peku, na haiwezi kusemwa kwamba alijivuta. Mkewe alishika chujio akawaopoa wale waliokuwa bado wanapigapiga mkia. Miwani aliirudisha pampu ndogo kwenye swichi yake barazani, akahakikisha kila waya mwingine umechomolewa na kukunjwa, akawasha umeme, akaelekeza mpira kwenye pipa. Mama alisimama palepale. Mtu hakumwambia asogee, na yeye hakusogea.

Hadi jioni waliokuwa hai walijaza pipa moja na beseni la kufulia. Waliokufa walijaza toroli. Karani hakuonekana mpaka mwisho, kisha akapanda katikati ya maji meusi, akapiga funda lake la hewa, akashuka. Shemeji alichimba shimo karibu na mpera, na kila alipochota udongo alikuwa anakohoa bila sababu.

Walipokuwa wananawa, mama akasema. Hakusema kwa ukali, alisema kama mtu anayejiambia.

"Kabla ya hiyo mashine, hakufa hata mmoja."

Miwani alimtazama shemeji yake. Shemeji alikuwa anasugua kucha kwa bidii kubwa, macho chini. Aligeuka kwa mkewe, mkewe akafungua kinywa, lakini Miwani alikuwa amekwisha kutangulia.

"Walikuwa wanakufa, mama," alisema. "Kila mara walikuwa wanakufa. Mimi ndiye niliyewaokota kabla hujaamka. Nimewafukia hapo hapo alipochimba kaka, ndiyo maana udongo ni laini. Na asubuhi hawakuwa wanakusalimia. Walikuwa wanakosa pumzi. Wewe ukawatupia mkate ukaoza, ukawamalizia hata ile hewa kidogo iliyobaki. Nimejaribu kukueleza, nimejaribu mpaka nimechoka. Nimeweka mashine, umeizima. Nimeiwasha, umeizima."

Sauti yake ilikuwa imepanda kiasi kwamba jirani aliyekuwa anaanika nguo alisimama na nguo mkononi. Miwani mwenyewe aliisikia ikirudi kutoka ukutani. Shemeji alianza kutafuta viatu vyake.

Mama alifuta mikono yake, iliyokuwa mikavu, akaingia ndani, akafunga mlango wa chumba chake bila kuubamiza. Angeubamiza ingekuwa afadhali.

Siku zilizofuata mama hakumnunia kwa namna ya kawaida. Alimfuta tu. Alizungumza naye kupitia kwa mkewe hata walipokuwa meza moja.

"Mwambie mumeo chai inapoa."

"Amesikia mama, yuko hapa."

"Mwambie."

Mkewe akamgeukia Miwani. "Chai inapoa." Miwani akanywa chai.

Chumbani alijaribu kujitetea. "Nilichosema ni uongo?"

"Si uongo."

"Sasa?"

"Sasa ungemwambia mwanzo. Kila kitu, na wale uliowafukia."

"Ulisema nisianze na mkate."

"Nilisema usianze nao. Sikusema usifike."

Hilo lilimkera kuliko yote, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake na hakuwa na mahali pa kulitupa. Akaamua kumaliza hasira zake kwenye bwawa. Kila alipotoka kazini alivaa buti za mpira, akazima umeme kwenye swichi, akachota tope la kingoni tu, ndoo chache, taratibu, asitibue ya chini. Alipunguza maji machafu kidogo akaongeza ya mvua kidogo. Kijiwe cha hewa kilirudi juu ya tofali lake. Alikiwasha muda mfupi, akakizima, akanusa maji. Kesho yake akaongeza. Harufu ilipokwisha kabisa, aliwarudisha perege kutoka kwenye pipa wachache wachache, akichanganya maji kwanza ili wasishtuke. Ikaja siku ambayo mashine ilifanya kazi tangu asubuhi mpaka jioni, na hakuna aliyeizima. Pazia la chumba cha mama lilitikisika mara kwa mara, basi.

Katikati ya hayo yote shemeji alipiga simu kutoka huko barabarani, mama akaweka spika ili wote wasikie.

"Vipi bwawa, mama? Tulipambana nalo siku ile."

"Mlipambana, mwanangu. Sasa liko vizuri."

Miwani alikuwa barazani akikamua soksi iliyojaa matope. Aliendelea kuikamua muda mrefu baada ya maji kwisha.

Asubuhi moja alimkuta mama amesimama ukingoni, kipande cha mkate mkononi, hajakitupa. Maji yalikuwa yamepungua ukijani. Juu yake hapakuwa na mdomo hata mmoja.

"Hawaji," mama alisema. Alimwambia yeye, si kupitia kwa mtu.

"Wako chini, mama. Wanapumua vizuri sasa."

"Najua wanapumua. Sijasema hawapumui. Nasema hawaji."

Miwani alitaka kumwambia kwamba hilo ndilo walilokuwa wanalitafuta, kwamba kutokuja kwao ndiyo afya yao. Ila alimwona akigeuzageuza ule mkate, na ushindi wake wote ukamtoka mikononi. Alimwambia tu kwamba saa za alasiri, wakitupiwa kidogo sana, kiasi cha kumalizwa papo hapo, huenda wangezoea. Mama alisema alasiri ni saa ya redio. Akaingia ndani na mkate wake.

Haukupita muda mrefu umeme ukakatika. Ulikatika kabla ya mapambazuko, mtaa mzima. Miwani alipotoka nje, amekwisha kuvaa shati jeupe la kazini, perege walikuwa wameanza kupanda, mmojammoja, midomo juu. Mashine ilikuwa kimya juu ya kigoda. Mkewe hakuwa amerudi kutoka zamu. Miwani alisimama akilaani kampuni ya umeme kimoyomoyo, kisha akachukua ndoo, akachota maji ya juu, akayamwaga kutoka usawa wa kifua yakianguka kwa kishindo, akachota tena. Maji yanayoanguka yakipasuka huingia na hewa, hilo alikuwa amelisoma mahali. Akachota tena na tena, shati likaanza kugandama mgongoni.

Mlango wa nyuma ulifunguliwa. Mama alisimama akamtazama.

"Unafanya nini hapo?"

"Nawapa hewa, mama. Umeme hakuna."

Mama aliwatazama samaki. Safari hii aliinama, akawatazama kwa karibu, muda mrefu, jinsi matamvua yalivyokuwa yanafunguka na kujifunga. Alirudi ndani, akatoka na sufuria kubwa, akapanda juu ya jiwe moja la marehemu mumewe na kuanza kuchota.

"Mama, utateleza. Mkono ule."

"Chota ya kwako." Alimwaga sufuria nzima mara moja, ikamrukia Miwani kifuani. "Na wewe unamwagia mahali pamoja. Zungusha. Au wale wa upande ule wao hawahitaji?"

"Mama, nikizunguka nitatibua tope."

"Hutatibua ukimwaga kwa upole."

"Nikimwaga kwa upole hewa haiingii."

"Basi mwaga unavyojua wewe."

Wakaendelea, kila mmoja kwa namna yake, yeye kwa nguvu, mama kwa kuzungusha, wakisukumana viwiko kwenye ile nafasi finyu. Jua lilichomoza. Jirani wa nguo alichungulia, akaona heri asiulize. Miwani alikuwa amechelewa kazini, mikono inamuuma, shati limekuwa la kijani kuanzia kola mpaka kwenye mkanda, na bado kila baada ya ndoo kadhaa alielezwa jinsi ya kushika ndoo. Alitamani kuitupa. Hakuitupa.

Umeme uliporudi, pampu ilianza kukoroma yenyewe barazani. Mama alishuka kwenye jiwe akishikilia bega la mkwe wake, akakaa kwenye ngazi, akatweta.

"Hiyo mashine," alisema alipopata pumzi, "haina ya kutumia betri?"

"Zipo, mama."

"Sasa kwa nini hukununua hiyo?"

Miwani alimtazama. Alifikiria majibu mengi, na yote yalikuwa mazuri. Akavua shati, akalikamua juu ya majani, akaingia ndani kutafuta jingine.